Shafti Iliyozuia Mlango

Mkija karakana kwangu hapa Lushoto mtakuta mlango umezuiwa na jiwe. Jiwe la kawaida tu, nililiokota mtoni. Zamani ulizuiwa na kipande cha shafti, ule mtaimbo wa chuma unaozunguka ndani ya mashine, kizito, kifupi kama mkono wa mtoto, na nusu ya wateja wangu walijikwaa hapo kabla hata ya kunisalimu. Nawaandikia ninyi mnaojifunza kukereza chuma vyuoni, na ninyi mnaojifunza kwa kusimama karibu na fundi na kufukuzwa mara tatu kwa siku, kwa ajili ya kipande kile. Mengine humu ni porojo za mzee aliyestaafu. Mkichoka rukeni, ila hili la mlango msiliruke.

Jina langu Athumani. Nimechonga shafti za mota za mashine za mbao, za pampu, za mashine za kusaga na za jenereta, na mgongo wangu unaweza kuwatajia kila moja. Watu hudhani kazi ya shafti ni kuzunguka. Ingekuwa hivyo tungechonga za mkaratusi tukapumzika. Shafti inabeba, inasokotwa, na ile yenye puli na mkanda upande mmoja inapindishwa pia, kidogo sana, jicho halioni. Sasa kwa kuwa inazunguka, upande uliokuwa unavutwa unageuka kubanwa, halafu unavutwa tena, mchana kutwa. Chukua waya uukunje huku na huku. Hujauvuta kwa nguvu, lakini utakatika mkononi mwako. Jambo hilo dogo nililijua kwa mdomo tangu ujanani. Kulijua kwa moyo kulinigharimu aibu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shembilu, kwenye karakana ya kiwanda kimoja cha mbao ambacho sasa ni magofu na nyasi. Mtu mfupi, mkali, aliyeongea Kishambaa na mashine na Kiswahili na watu. Akiingia asubuhi aliiambia kwanza mashine yake ya kukereza "Onga makeo", akaifuta umande, ndipo sisi wengine tukapata salamu. Mashine haikuwahi kumjibu, lakini sisi tukichelewa kusema shikamoo tulijuta.

Chuma chetu kingi kilikuwa skrepa, vyuma chakavu, na skrepa haina cheti. Mzee alitufundisha kukitambua kwa cheche. Unakigusisha kwenye jiwe la kunolea, mahali penye giza kidogo, unatazama. Nondo inatoa cheche ndefu, za manjano, zinamwagika bila mambo mengi. Chuma chenye kaboni nyingi kinatoa cheche zinazopasukapasuka kama kichaka. Chuma cha hafu-shafti ya lori, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma, kile kilichochanganywa kromi na molibdeni, cheche zake ni fupi kidogo, na mwishoni unaona kincha cha rangi ya chungwa kimejitenga peke yake, kama kichwa cha mkuki. Ukikiona kincha hicho, weka kipande pembeni na usimwambie mtu, maana umepata chuma cha kuchongea shafti. Nina hakika siku hizi kuna kifaa unakielekeza tu kinakutajia kila kilichomo. Kitumieni. Lakini siku betri imekwisha, kumbukeni kichwa cha mkuki.

Kuna bwana mmoja aliwahi kuniletea nondo nimchongee shafti ya mota ya kupasulia mbao. Nikamwambia haitafaa. Akasema nondo inabeba ghorofa, itashindwa mota? Nikachoka kubishana, nikachonga. Baada ya wiki mbili alirudi nayo imesokoteka kama kamba ya katani. Nilikwenda tu kwenye rundo la hafu-shafti, yeye akanifuata.

Na wenye haraka ya kuchomelea vyuma hivi, mnisikie. Chuma hiki hakipendi kustushwa. Mwezi wa saba ukungu wetu unaingia hadi karakana, chuma kinatoka jasho, na ukikichomelea kikiwa baridi kitapasuka pembeni ya ulipounga, pengine usiku umeshalala. Kipashe moto kwanza hadi tone la maji likidondoka lirukeruke, kisha ukimaliza kizike kwenye majivu makavu kipoe taratibu. Mzee Shembilu alikuwa anabeba majivu kutoka jikoni kwake kila siku kwenye debe, hadi mkewe akawauliza majirani kama mumewe ameanza uganga.

Haya, sasa la mlango.

Kiko kijiji juu ya Mlalo, jina lake sitalitaja kwa sababu wameshanisamehe na sitaki kuwachokoza. Wana maporomoko, na penye maporomoko wana mtambo wa umeme wa zamani: maji yanazungusha gurudumu, gurudumu linavuta mkanda, mkanda unazungusha jenereta. Umeme wa gridi ulikuwa bado haujapanda mpaka kule. Mtambo ule ulisaga mahindi, uliwasha taa za zahanati na ulichaji simu za watu wa vijiji vitatu. Mwangalizi wake aliitwa Salehe, mtu aliyenizidi umri miaka kadhaa, mpole, mwenye koti la bluu alilolivaa hata kwenye harusi. Ukiacha imamu na mwalimu mkuu, hakuna mtu pale aliyekuwa na kazi ya heshima kumzidi.

Shafti ya jenereta ilichakaa, kamati ya umeme ya kijiji ikanipa kazi ya kuchonga mpya. Nilichagua hafu-shafti nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Kichwa cha mkuki kilionekana hata mchana. Sasa, shafti ina ngazi: katikati ni nene, halafu inapungua ili beringi ikae. Pale inapopungua pana kona. Mimi nilinoa kisu cha mashine kikawa na ncha kama ya sindano, nikaikata kona ile mraba kabisa, beringi ikaingia ikalala pale bila mwanya hata wa unywele. Niliwaita wauza duka wa jirani waje waone. Walisema mashallah, ingawa hawakujua wanaangalia nini.

Haikufika miezi sita, shafti ikakatika.

Nikaitwa kwenye mkutano, nje ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akauliza: "Fundi, shafti mpya, chuma cha lori, imekatikaje?" Vipande viwili vilikuwa mezani mbele yangu. Sikuvishika. Nilikuwa nimeshajua jibu tangu nikiwa njiani, maana fundi hodari hakosei, au siyo?

"Mkanda," nikasema. "Huyu ameukaza kama anafunga lumbesa ya kabichi."

Watu wakacheka. Salehe akasimama. "Mkanda naupima kwa kidole, fundi. Nikibonyeza katikati unashuka kiasi cha gumba. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofanya miaka yote."

"Basi gumba lako lina nguvu kuliko lori," nikamjibu.

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na ndani ya kicheko kile kazi yake ikaisha. Hakuna aliyepiga kura. Alivua koti la bluu akalitundika kwenye msumari wa mlango wa ofisi, akaondoka na shati. Nikasikia baadaye kwamba watoto walikuwa wakimwita Bwana Lumbesa njiani, na kwamba amehama na familia yake, ameshuka Mnazi kulima mahindi kwenye shamba la shemeji yake. Nilisikia, nikaendelea kunywa chai. Nikawachongea shafti ya pili, sawasawa na ya kwanza, kona mraba, na nikachukua kipande kimoja cha ile iliyokatika nikazuilia mlango.

Miezi miwili baadaye Mzee Shembilu alipita kunijulia hali, akitoka msibani. Alishakuwa mzee wa fimbo. Akajikwaa kwenye kipande, akatukana kwa Kishambaa, akainama kukitupa nje. Hakukitupa. Alikibeba hadi kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii nani kachonga?"

"Mimi, mzee."

"Na nani kaikata?"

"Mwangalizi wa mtambo kule juu. Kaukaza mkanda mno."

"Lete kiti," akasema. "Nikiwa nimesimama nitakupiga."

Akanionyesha uso wa mkato. Nilikuwa nimeukanyaga kila siku na sijawahi kuuona. Sehemu kubwa ilikuwa laini, yenye mistari iliyopinda, mmoja ndani ya mwingine, kama kitunguu kilichokatwa. Mistari yote ilianzia ukingoni, kwenye kona yangu ile ya kuitia watu. Na mwisho kabisa, upande wa pili, palikuwa na sehemu ndogo yenye chengachenga, ndogo kama ukucha wa gumba.

"Siku ile ilipokatika, kilichokatika ni hiki tu," akasema, akigusa pale penye chenga. "Kote huku kwingine ilishakatika zamani, kidogo kidogo, watu wanasaga na taa zinawaka. Haya, niambie wewe fundi. Mzigo ungekuwa mkubwa, ungeingoja shafti iliwe mpaka ibaki ukucha?"

Akanirudishia kipande mkononi.

"Angekaza mkanda, ingekatika ikiwa bado nusu nzima. Mkanda ulikuwa sawa, mgoshi. Huyo mtu alikuwa sawa."

Nikasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kutokea, kwamba chuma chenyewe kilikuwa bora, kromi na molibdeni. Akacheka kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko fimbo. "Chuma laini kinasamehe," akasema. "Ukikiachia kona kali kinajivuta kidogo, yanaisha. Chuma imara kina kinyongo. Kina nguvu, ndiyo, lakini kona uliyokiachia kinaikumbuka kila kikizunguka. Chuma bora kinataka fundi mpole. Na ile ya pili umeichonga vipi?"

"Kama hii."

"Basi nayo imeshaanza kukumbuka."

Nikampigia simu mwenyekiti pale pale, nikamwambia azime mtambo. Akaniuliza nina ushahidi gani. Mtambo unazunguka vizuri, kuna harusi Jumamosi, azime kwa maneno ya simu? Nikataka kupanda kijijini kesho yake. Mzee akanizuia kwa fimbo yake. "Usiende bila huyo Salehe. Ulimsema mbele ya watu. Msafishe mbele ya watu."

Vijana wangu, njia ya kushuka kutoka Mlalo hadi Mnazi ni ndefu, na ukiwa na mzigo moyoni ni ndefu zaidi. Juu unavaa sweta, chini unatafuta kivuli. Nilimkuta Salehe akipalilia. Nikamwamkia: "Shikamoo, kaka Salehe."

Akaniangalia. Akasema, "Karibu."

Nyinyi mnajua kwetu hilo lina maana gani. Mtu mzima huitikii shikamoo ya mtoto wa mwenzio? Hata mkiwa na kesi mahakamani, shikamoo huitikiwa kwanza, kesi baadaye. Alinipa kigoda, akanipa maji, akaniuliza habari za safari. Ila marahaba hakusema. Nikamwonyesha kipande, nikamweleza yote nilivyoelezwa, kona, kitunguu, ukucha. Nikamwomba radhi. Nilikuwa na machozi na sikuyaficha.

Akakigeuzageuza kile chuma mkononi. "Kwa hiyo umeniletea haki yangu huku kwenye mahindi," akasema, "ambako anayenisikia ni mke wangu, ambaye hakuwahi kuamini maneno yako?"

"Nimekuja kukuchukua twende kijijini."

"Na wakicheka?"

"Safari hii wanicheke mimi."

Tukafika kijijini siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini. Nikaomba mkutano. Nikaomba mtambo uzimwe kwa saa moja tu, jenereta ifunguliwe, na mwalimu mkuu anipe chaki. Mwangalizi mpya alikuwa mpwa wa mwenyekiti, aliyeogopa mkanda kama nyoka. Aliuacha umelegea hadi ukawa unateleza na kupiga kelele. Hata mimi nikitaka, nisingeweza kusema huyu kakaza.

Jifunzeni hapa, ni kazi rahisi na haihitaji mashine. Tuliisafisha shafti ya pili, tukaipaka mafuta ya taa, tukangoja yazame. Kisha tukaifuta ikawa kavu kabisa. Nikasaga chaki, nikaipaka unga wake kwenye kona, nikaigongagonga kwa mpini wa nyundo. Kama chuma ni kizima, chaki inabaki nyeupe. Kama kina ufa, hata ule usioonekana, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kulowesha chaki.

Umati ulisongamana. Nami, niseme kweli, sehemu yangu ndogo ilikuwa inaomba chaki ibaki nyeupe.

Ukatoka mstari. Mwembamba, mweusi, umezunguka kona karibu robo ya shafti, kama uzi umelazwa pale.

Nikasimama, nikashika kipande cha zamani mkono wa kushoto na shafti ya pili mkono wa kulia. "Hii aliiangalia Salehe, mkanda kwa kipimo," nikasema. "Hii kaiangalia mwingine, mkanda umelegea. Zote zimeanza kukatika mahali pamoja. Kosa halikuwa kwa mwangalizi. Kosa niliwaletea mimi kutoka Lushoto, tena nikawaita watu waje kulitazama. Salehe nilimsingizia bila hata kushika chuma, na ninyi nikawachekesha. Naomba radhi kwake na kwenu."

Hakuna aliyecheka, ingawa nilikuwa tayari wanicheke. Mwenyekiti aliingia ofisini akatoka na koti la bluu. Lilikuwa bado liko msumarini, limejaa vumbi. Akalikung'uta mwenyewe, akamshikilia Salehe mikono ya koti aingize mikono yake.

Salehe alifunga vifungo vyote, polepole. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya watu wote.

"Marahaba," akasema.

Nilitaka kumlipa kwa lolote, mbuzi, kuku, chochote wazee watakachosema. Akakataa. Alitaka kitu kimoja: nimfundishe kusoma chuma kama nilivyosomewa mimi, na ile kazi ya chaki, ili siku nyingine asimngoje fundi amwambie kilichokatika. Nikakaa naye siku tatu, nikamwachia na kile kipande, mlangoni kwangu nikaweka jiwe.

Shafti ya tatu niliichonga Mzee Shembilu akiwa amekaa pembeni na fimbo. Chuma kile kile. Kisu nilikinoa mviringo, kona ikawa inateremka taratibu kama bega la mtu, nikaisugua kwa msasa laini hadi mikwaruzo ikaisha. Beringi ikagoma kukaa hadi mwisho kwa sababu ya ule mviringo, na hapo ndipo fundi mvivu hurudia kona kali. Nikachonga kiringi chembamba, nikakipanua upande mmoja kipite juu ya mviringo, nikakivalisha kabla ya beringi. Kazi ya nusu siku zaidi. Mzee akaipitishia ukucha, akasema na mashine kwa Kishambaa. Mimi hakunisifu, lakini sikuona ubaya.

Tangu hapo, kila kiangazi maji yakipungua, Salehe hufungua jenereta, hupaka mafuta na chaki, halafu hunipigia simu. Hatuulizani mengi. Anasema, "Nyeupe, fundi," nami nasema, "Alhamdulillahi," basi. Mzee Shembilu alifariki akiwa amesikia "nyeupe" kadhaa, maana nilikuwa nikimpelekea habari kila mara. Mimi nikastaafu, mashine nikawaachia vijana wawili wanaochora kazi kwenye kompyuta kabla ya kugusa chuma. Niliwashuku, hadi nilipoona kwenye mchoro wao wa kwanza wamepima mviringo wa kona bila mimi kuwaambia. Nikatoka nje nikajifanya naangalia mvua.

Mwaka huu simu iliita asubuhi.

"Fundi, kuna mstari."

"Kwenye kona?" nikauliza.

"Hapana, kona yako ni nzima. Ni kwenye mfereji wa kii, ile kabari inayoshika puli. Mfupi, kama punje ya mchele. Imezeeka tu. Imefanya kazi nyingi."

Nikakaa chini. Niliona furaha ya ajabu, kwamba shafti yangu imezeeka kabla ya kuvunjika, na imegunduliwa na mtu yule yule. Nikamuuliza kama ameshazima mtambo.

"Nimezima tangu jana. Kijiji kizima wanatumia tochi."

"Na mwenyekiti? Hakutaka ushahidi? Chaki wamekuja kuiona?"

"Hakuna aliyekuja," akasema Salehe. "Nimewaambia nazima, wakasema zima. Wameniuliza kitu kimoja tu, mpya nataka ije lini."